Sindano Isiyo na Jina

SEHEMU YA KWANZA: SAUTI KWENYE SIMU

Juni 2003, simu iliita katika ofisi za USADA mjini Colorado Springs, taasisi inayowapima wanamichezo wa Marekani ili kuwanasa wanaotumia dawa za kuongeza nguvu. Aliyepiga alikuwa mwanamume. Jina alikataa katakata kulitaja. Alijieleza tu kuwa ni kocha wa riadha, tena kocha mkubwa.

Aliyoyasema hayakuwa ya kupuuzwa. Alidai kwamba baadhi ya wakimbiaji wakubwa wa Marekani wanatumia steroidi ambayo hakuna maabara duniani inayoiona. Wanaitwa kupimwa, wanatoa mkojo, wanasaini fomu, kisha wanakwenda zao na medali shingoni. Dawa hiyo, alisema, inatoka California, kwa mtu aitwaye Victor Conte, mwenye kampuni ya BALCO iliyoko Burlingame, karibu na San Francisco. Kwa nje, BALCO ilikuwa inauza madini na virutubisho vya wanamichezo.

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tuhuma bila ushahidi zisingemfikisha mtu popote, na mtu yule alilijua hilo. Ndipo akasema ana kitu mkononi: bomba la sindano lililokwisha kutumika.

Haukupita muda bomba likafika kwa kifurushi. Halikuwa limejaa dawa. Ndani yake mlikuwa na masalia ya majimaji yenye ukungu, kidogo mno, yaliyonata kwenye kuta za plastiki. USADA hawakuwa na maabara yao wenyewe ya kuyachambua. Wakayapeleka Los Angeles, Chuo Kikuu cha UCLA, kwa Dkt. Don Catlin.

Catlin hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Maabara yake ilifunguliwa mwaka 1982, ya kwanza ya aina yake Marekani, kwa maandalizi ya Olimpiki ya Los Angeles ya 1984. Alikuwa daktari aliyeiacha njia ya kawaida ya udaktari akajitosa katika kuchunguza mkojo wa wanamichezo, na mwaka 2002 kikosi chake kilikuwa kimetoka kuibua jambo la kutisha. Katika mkojo wa mwendesha baiskeli mmoja mwanamke waliona homoni za asili zimeshuka kupita kiasi. Mwili huwa hivyo unapopata steroidi kutoka nje: hupunguza kutengeneza zake. Walipofuatilia wakaikuta norbolethone, dawa iliyobuniwa miaka ya 1960 na ambayo haikuwahi kuuzwa katika duka lolote. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mkemia mahali fulani, anayesoma majarida ya zamani na kufufua dawa zilizosahaulika.

Sasa mkemia huyo alikuwa amefanya nini tena?

Ili uielewe hatari iliyokuwemo ndani ya bomba lile, sharti ujue jinsi vipimo vinavyofanya kazi. Mashine ya maabara ni kama askari mlangoni aliyepewa picha za wezi: humkamata kila mwizi aliyemo kwenye picha, na mwizi mpya humpisha kwa heshima. Ben Johnson alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 mjini Seoul mwaka 1988, alikamatwa kwa sababu steroidi aliyotumia, stanozolol, ilikuwa tayari kwenye picha. Dawa iliyobuniwa mwaka jana, yenye umbo ambalo hakuna aliyewahi kulichora, hupita mchana kweupe.

Kikosi cha Catlin kikasuuza bomba kwa methanoli, kikachukua tone la kilichopatikana, kikaliingiza kwenye mashine waliyoizoea, ile iliyowakamata mamia kabla ya siku hiyo.

Jibu likatoka. Halikuwa steroidi yoyote inayojulikana. Halikuonyesha hata kitu kizima. Yalikuwa mabaki ya molekuli iliyosambaratika kabla haijapimwa.

Je, bomba lile lilikuwa na uchafu tu, na kocha asiye na jina aliwachezea akili? Au ndani yake mlikuwa na dawa inayojifia mbele ya mashine?

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI: KITU CHENYE UZITO WA 312

*Ilipoishia: Masalia ya sindano yamefika UCLA. Mashine imeshindwa kuyatambua. Molekuli imevunjika vipande kabla ya kupimwa.*

Haikuwa uchafu.

Njia iliyotumika sana siku zile ilikuwa kuichanganya sampuli na kemikali maalumu, kuipasha moto mpaka igeuke mvuke, kisha mashine kuivunja na kupima uzito wa kila kipande. Steroidi nyingi hustahimili mateso hayo. Hii haikustahimili. Kwa miaka yote ambayo wanariadha walikuwa wakiitumia, maabara zilikuwa zinaiharibu kwa mikono yao wenyewe kabla ya kuitafuta.

Catlin na wenzake wakabadili njia. Badala ya mvuke wakatumia kimiminika: sampuli ikapitishwa taratibu ndani ya mrija, ikapuliziwa kama manyunyu yenye chaji ya umeme, bila ule moto wa kuiangamiza. Molekuli ikafika mwisho wa safari ikiwa nzima. Uzito wake: 312.

Namba hiyo peke yake haisemi mengi kwa mtu wa kawaida. Kwa mkemia wa steroidi ilikuwa mlango. Ipo dawa iitwayo gestrinone, inayojulikana na madaktari wa wanawake, wanaoitumia kutibu tishu za mji wa mimba zinapoota nje ya mahali pake. Uzito wake ni 308. Tofauti ni nne tu, na atomu ya hidrojeni ina uzito wa moja. Je, kama mtu ameichukua gestrinone akaiongezea hidrojeni nne?

Wazo la namna hiyo halithibitishwi kwa kubishana. Kikosi kikaitafuta gestrinone, kikaipitishia hidrojeni, kikatengeneza kwa mikono yake kile kilichodhaniwa kuwa kimo ndani ya bomba. Kisha vikawekwa sambamba: kilichotengenezwa UCLA na kilichosuuzwa kutoka kwenye sindano. Vikalingana. Kitu kile kikapata jina, tetrahydrogestrinone, kwa kifupi THG. Umbo lake lilishabihiana pia na trenbolone, dawa inayotumiwa kunenepesha ng'ombe wa nyama Marekani.

Hebu lifikirie jambo hilo. Binti wa miaka 20 na ushei, anayetaka kuwahi utepe kwa sehemu ndogo ya sekunde, anaweka chini ya ulimi matone ya dawa ambayo haijawahi kujaribiwa kwa binadamu yeyote ndani ya hospitali. Hakuna daktari aliyejua ingelifanya nini ini lake, moyo wake, au mtoto atakayemzaa. Aliyeibuni, ilikuja kufahamika baadaye, alikuwa Patrick Arnold, mkemia wa Illinois. Conte aliisambaza pamoja na krimu ya kupaka yenye testosteroni, nayo krimu ilikuwa na ujanja wake. Maabara hulinganisha testosteroni na ndugu yake epitestosteroni, na uwiano ukizidi mpaka uliowekwa, mtu anahojiwa. Kwa hiyo ndani ya krimu zilitiwa zote mbili, ili mmoja akipanda mwenzake naye apande, na uwiano ubaki wa mtu asiye na hatia.

Kuijua dawa ndani ya sindano ni jambo moja. Kuiona ndani ya mkojo, baada ya kupita mwilini, ni jambo jingine. Ilihitajika sampuli ya mkojo wa kiumbe ambaye inajulikana kwa hakika kwamba amepewa THG, na hakuna mtafiti mwenye dhamiri ambaye angempa binadamu sumu asiyoijua. Akatafutwa nyani. Nyani akapewa THG, mkojo wake ukakusanywa, ukaingizwa kwenye mashine mpya.

Ikaonekana. Molekuli ilipovunjwa kwa makusudi ilitoa vipande viwili vinavyojirudia, kimoja cha uzito wa 241, kingine cha 159. Tangu siku hiyo mwizi alikuwa na picha.

Na hapo ndipo watu wa USADA walipokumbuka kitu. Mwezi uleule wa Juni, Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kimeandaa mashindano ya taifa ya riadha ya Marekani. Wanariadha walipimwa. Sampuli 350 zilikuwa bado zimehifadhiwa. Kila chupa ilikuwa na namba tu, haina jina, maana maabara hairuhusiwi kujua inampima nani.

Amri ikatoka: zipimwe upya, zote.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU: CHUPA NA MAKARATASI

*Ilipoishia: THG imetambuliwa, na kipimo chake kimepatikana. Sampuli 350 za Stanford zinapimwa kwa mara ya pili.*

Septemba 3, 2003, maofisa wa serikali walivamia jengo la BALCO. Aliyewaongoza, Jeff Novitzky, hakuwa polisi wa dawa. Alikuwa mpelelezi wa mamlaka ya kodi, na kwa muda mrefu alikuwa akipekua takataka za kampuni hiyo, karatasi baada ya karatasi. Ndani ya jengo walikuta dawa, na walikuta kilicho kizito kuliko dawa: kumbukumbu za wateja.

Oktoba 16, USADA ikautangazia ulimwengu. Namba za chupa zilipogeuzwa kuwa majina, wakatajwa Regina Jacobs wa mita 1,500, Kevin Toth wa kurusha tufe, John McEwen na Melissa Price wa kurusha nyundo. Ulaya nako hakukusalimika. Dwain Chambers, mwanambio wa Uingereza, alikuwa ametoa mkojo Agosti 1 akiwa kambini Saarbrücken, Ujerumani. Ulipopimwa upya ukakutwa na THG. Akafungiwa miaka miwili.

Wapo waliokwepa chupa wakanaswa na karatasi. Tim Montgomery, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.78 mjini Paris mwaka 2002, alifutiwa rekodi hiyo bila kipimo chake hata kimoja kuonyesha dawa. Marion Jones, malkia wa Sydney 2000 mwenye medali tano, alikana mwaka baada ya mwaka. Oktoba 2007 alisimama nje ya mahakama akilia na kukiri. Medali akazirudisha, jela akaenda miezi sita.

Wengi huishia hapo wanapokisimulia kisa hiki, kwa malkia aliyeanguka. Mimi namtafuta aliyekuwa nyuma yake. Katika mita 200 za Sydney, Pauline Davis-Thompson wa Bahamas alimaliza wa pili. Alisimama kwenye ngazi ya chini akausikiliza wimbo wa taifa usiokuwa wake. Dhahabu yake ilitambuliwa rasmi mwaka 2009. Miaka tisa! Kamati inaweza kukurudishia medali. Haiwezi kukurudishia jioni ile, uwanja uliofurika, bendera ya nchi yako ikipanda juu. Anayesema dawa michezoni ni siri ya mtu na mwili wake, amtazame kwanza aliyeibiwa.

Lakini yule kocha wa simu alikuwa nani?

Jibu lilipatikana Agosti 2004, wakati wa Olimpiki ya Athens. Trevor Graham, mzaliwa wa Jamaika mwenye kambi yake Raleigh, North Carolina, aliwaambia waandishi wa habari kwamba sindano ile aliituma yeye. Graham! Mtu aliyewahi kuwanoa Marion Jones na Tim Montgomery wenyewe, kabla hawajaachana naye.

Kama ni shujaa, ushujaa wake haukudumu. Mwaka 2006 Justin Gatlin, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 na mwanafunzi wa Graham, alikutwa na testosteroni. Kwa kesi za namna hii wanasayansi wana kipimo kisichodanganyika kwa krimu ya kusawazisha uwiano. Testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kwa mimea kama soya, na kaboni ya soya ina atomu nzito pungufu kuliko kaboni ya mwili wa binadamu anayekula vyakula mchanganyiko. Homoni ni ileile, asili yake ni tofauti, na mashine huisoma asili hiyo. Mwaka 2008 Graham akatiwa hatiani kwa kuwadanganya wapelelezi wa serikali, na USADA ikamfungia maisha. Mtu aliyeifichua siri ya wenzake alikuwa amekalia ya kwake.

Riadha ikashusha pumzi. Mapema mno. Mwaka uleule wa 2008, Wamarekani walikuwa wamemwangukia kwa mapenzi mwanamichezo mwingine, mwenye kifua kipana na kasi ya ajabu. Alishinda Kentucky Derby Mei 3. Alishinda Preakness Mei 17. Kocha wake, Rick Dutrow, alisema hadharani kwamba alikuwa akidungwa stanozolol kila mwezi, dawa ileile iliyomwangusha Ben Johnson, na kwamba sindano ya mwisho ilikuwa ya Aprili. Hakuna aliyemshika, kwa sababu hakuvunja sheria yoyote.

Mwanamichezo huyo hakuwa na mdomo wa kukubali wala wa kukataa. Aliitwa Big Brown, na alikuwa farasi.

Juni 7, Belmont Park, New York, angeliwania taji la tatu bila ile sindano. Geti likafunguka.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA NNE: BANDA LA NEWMARKET

*Ilipoishia: Big Brown, farasi aliyekuwa akidungwa stanozolol kwa ruhusa ya sheria, anaingia mbio za Belmont bila dawa.*

Alimaliza wa mwisho. Mpanda farasi wake, Kent Desormeaux, alimpunguza mwendo kabla ya utepe. Siku ile kulikuwa na joto kali, na ukwato wake ulikuwa umepata ufa wiki chache kabla. Hakuna aliyethibitisha kwamba kilichomwangusha ni kukosa dawa. Hata hivyo swali lilikuwa limeshaulizwa mbele ya taifa zima, na majimbo ya Marekani yaliyokuwa yakifumba macho yakaanza kuzipiga marufuku steroidi katika siku za mbio.

Kumpima farasi kuna ugumu wake. Dume asiyehasiwa hutengeneza nandrolone mwilini mwake bila kudungwa na mtu. Dawa ambayo kwa binadamu ni kosa, kwake ni maumbile. Kwa hiyo wataalamu huweka mipaka. Farasi aliyehasiwa, kwa mfano, haruhusiwi kuzidisha nanogramu 20 za testosteroni katika mililita moja ya mkojo, na jike ana mpaka wake tofauti. Nywele za singa nazo husaidia, kwa sababu huhifadhi alama za dawa kwa miezi kadhaa baada ya mkojo kuwa safi.

Stanozolol haihitaji mjadala huo. Hakuna mwili wa farasi unaoitengeneza. Ikionekana, hata kwa chembe, kuna mtu aliyeitia.

Na Uingereza haikuwa Marekani. Huko farasi wa mbio haruhusiwi kupewa steroidi hata siku za mazoezi, na wapimaji huweza kubisha hodi siku yoyote.

Aprili 9, 2013, walibisha hodi Newmarket, mji ambao asubuhi zake ni za farasi kabla hazijawa za watu. Mlango walioubisha ulikuwa wa Moulton Paddocks, mojawapo ya mabanda ya Godolphin, milki ya Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai. Kocha wa banda hilo alikuwa Mahmood Al Zarooni. Farasi 45 walichukuliwa sampuli siku hiyo.

Kumi na mmoja wakakutwa na steroidi. Saba walikuwa na ethylestranol, wanne stanozolol. Mmoja wa wale 11 aliitwa Certify, jike ambaye hakuwa amewahi kushindwa mbio yoyote. Aprili 25 Al Zarooni alifika mbele ya jopo la mamlaka ya mbio za farasi ya Uingereza, akakiri, tena akaongeza kwamba wapo wengine wanne waliopewa ambao hawakuwa wamepimwa. Akafungiwa miaka minane. Sheikh Mohammed akaamuru banda lifungwe, na farasi yeyote asitoke kwenda kushindana mpaka wote wapimwe.

Wote. Neno hilo ndilo lililoitikisa Uingereza, kwa sababu katika banda lile alikuwemo Encke.

Septemba 15, 2012, pale Doncaster, mbio za St Leger zilikuwa zimekusanya watu waliokuja kumwona farasi mmoja tu, Camelot. Alikuwa ameshinda 2000 Guineas, akashinda Derby. Angeshinda na hii, angekuwa wa kwanza kutwaa mataji yote matatu tangu Nijinsky mwaka 1970. Mpanda farasi wake, Joseph O'Brien, alikuwa kijana anayemkimbizia baba yake, kocha Aidan O'Brien. Camelot alikuja kwa nguvu mwishoni. Haikutosha. Encke alimtangulia kwa robo tatu ya urefu wa farasi, na historia iliyosubiriwa miaka 42 ikafungwa pale pale.

Robo tatu ya urefu wa farasi. Kama ilipatikana kwa misuli na pumzi, basi heshima yote ni ya Encke. Kama ilipatikana kwa njia nyingine, basi kuna farasi mmoja, kijana mmoja na baba mmoja walioporwa kitu kisichorudishika, kama alivyoporwa yule mama wa Bahamas.

Encke hakuwa miongoni mwa wale 11 wa kwanza. Sasa zamu yake ilifika. Damu yake ikachukuliwa, chupa ikafungwa, ikapewa namba, ikapelekwa maabara kuungana na chupa nyingine zisizo na majina.

Wachambuzi walikuwa wakitafuta jibu moja: stanozolol imo, au haimo. Lakini katika vijiwe vyote vya Newmarket watu walikwisha kuliruka swali hilo wakafika kwenye lililo gumu zaidi. Ikiwa imo, alianza kudungwa lini? Baada ya Doncaster, au kabla?

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*